Unaanza kuandika kodi? Kwanza itazame kompyuta yako

Jioni huwa nakaa kibarazani hapa Ngamiani, Tanga, na vijana wawili watatu wanaojifunza kuandika kodi (maagizo ya kompyuta, siyo ile ya TRA). Swali la kwanza halibadiliki: "Kaka, nishushe programu gani?" Nami nawauliza kompyuta yao ikoje.

Hatua ya 1: Angalia RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi)

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tafuta sehemu ya Memory. Ukikuta GB 4, VS Code, programu ya kuandikia kodi, iache kwanza. Ni nzuri, hata mimi ndiyo ya kazini, lakini ukiifungua pamoja na Chrome mashine ya mtumba inaanza kuhema.

Hatua ya 2: Shika lugha moja

Chukua Python, lugha ya kuandikia kodi. Ukikuta somo limeandika print (amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini) bila mabano, lipite. Hiyo ni Python 2, iliyoachwa rasmi mwaka 2020.

Hatua ya 3: Shusha Thonny

Ni programu ya kuandikia Python. Ipo thonny.org, bure. Ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, na inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo bando linaliwa mara moja. Ukishusha Python peke yake kuna kisanduku cha PATH (kinachoiambia Windows Python iko wapi) chini ya dirisha la kusakinisha, ambacho karibu kila mtu husahau kukitia tiki, halafu anashinda kutwa akihangaika. Waja leo waondoka leo ni ya wageni wa Tanga. Thonny mpe miezi miwili.

Hatua ya 4: Uza machungwa

Andika hivi, hifadhi kwa jina machungwa.py, kisha bonyeza F5 kuiendesha:

bei = 200
idadi = input("Machungwa mangapi? ")
print(bei * idadi)

Jibu 3. Ulitegemea 600, inakuja 333333 mpaka skrini inajaa. Kijana mmoja aliniambia mashine yake imeingia virusi! Nikamwambia afungue View, kisha Variables. Pale bei imeandikwa 200, lakini idadi imeandikwa '3', na alama za kunukuu. Kumbe input inaleta maandishi hata ukiandika namba, na maandishi yakizidishwa kwa 200 Python inayarudia mara 200. Badilisha mstari wa pili:

idadi = int(input("Machungwa mangapi? "))

Sasa 600. Kidirisha hicho ndicho kinachonifanya niipende Thonny: unaona kilichomo ndani badala ya kubahatisha. Ukitaka kwenda mstari kwa mstari, anza na Ctrl na F5, kisha F6.

Mwenye simu tu

Pydroid 3 inafanya kazi kwenye Android. Kutafuta mabano kwenye kibodi ya simu ni adhabu, lakini inawezekana.

Hatua ya 5: Kuhamia VS Code

Programu yako ikishakuwa na faili tatu nne zinazoitana, hapo Thonny itaanza kukubana. Hama siku hiyo, na RAM uwe umeshaongeza.