Somo: Kujiandaa kumwona daktari kwa simu ukiwa na fangasi ya uume

Ndugu zangu, hili ni somo ambalo wanaume wengi hulikwepa. Mtu anaanza kuwashwa kwenye kichwa cha uume, anakwenda duka la dawa, ananong'ona "nipe tyubu ya fangasi", anapaka siku tatu, muwasho unapoa, halafu unarudi mkali kuliko mwanzo. Sasa unaweza kuongea na daktari kwa simu ya video ukiwa chumbani kwako. Lakini daktari huyo hawezi kukugusa wala kuchukua sampuli. Anategemea mdomo wako na picha zako tu, ndiyo maana naomba mjiandae.

Hatua ya 1: Acha kujipakia. Ukishaweka miadi, weka kando tyubu ulizojinunulia, dettol, sabuni ya manukato na mafuta ya mgando. Osha kwa maji matupu, kausha taratibu. Nasisitiza hili kwa sababu ya tyubu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi humo humo. Steroidi inazima wekundu na muwasho, wewe unaona umepona, kumbe fangasi inaendelea chini kwa chini, na daktari anaonyeshwa ngozi iliyofichwa ugonjwa. Kama ulishapaka, tunza boksi umsomee jina. Dawa ulizoandikiwa kwa ugonjwa mwingine usiziache.

Hatua ya 2: Andika kwenye karatasi. Ukiulizwa ghafla, aibu inafuta kumbukumbu. Andika ilianza lini, umetumia nini, kama umetahiriwa, na kama mwenzi wako anawashwa au anatokwa na uchafu. Fangasi ya Candida kwa kawaida huleta wekundu au vipele kwenye kichwa cha uume, muwasho, kuungua, na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda chini ya govi. Kidonda, malengelenge au usaha kwenye tundu la mkojo ni jambo jingine: kaswende, hepesi na kisonono vinahitaji vipimo. Usivifiche ukitaraji uandikiwe dawa ya fangasi.

Kisha sukari. Mara nyingine fangasi hii ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari kwa mtu asiyejijua. Andika kama una kiu isiyoisha, unaamka usiku kukojoa, au umepungua bila sababu. Ukiweza, pima kabla ya miadi. Asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 mmol/L na kuendelea si ya kupuuza. Na kama tayari unatibiwa kisukari, taja kila kidonge. Dapagliflozini na empagliflozini hutoa sukari kupitia mkojo, na fangasi hustawi kwenye sukari hiyo. Usiache kidonge mwenyewe, mwambie daktari.

Hatua ya 3: Picha. Piga tu kama daktari ameomba, karibu na dirisha mchana, bila flashi. Moja ya mbali kidogo, moja ya karibu, na moja govi likiwa limevutwa nyuma, kama linavutika bila maumivu. Ukimaliza lirudishe mbele papo hapo, maana likibaki nyuma linaweza kuvimba na kukaba. Uso, tatuu na alama yoyote ya kukutambulisha visionekane. Tuma kwa njia ya huduma yenyewe, uliza zinahifadhiwa wapi, kisha zifute kwenye simu hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Aliye chini ya miaka 18 asipige wala asipigwe picha hizi kabisa. Mzazi ampeleke kituo cha afya.

Hatua ya 4: Mjue unayeongea naye. Omba jina kamili na namba ya usajili. Anayesajili Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno. Daktari wa kweli haoni vibaya kuulizwa. Funga mlango, vaa spika za masikioni.

Simu haifai kabisa kama mkojo hautoki, govi limekwama nyuma, una homa na uvimbe unasambaa, au korodani imeuma ghafla. Korodani ikijisokota, muda wa kuiokoa huhesabiwa kwa saa. Nenda hospitali sasa hivi.

MASWALI

Dokta, mke wangu akijua si atasema nimetoka nje?
Kaka, Candida huishi mwilini mwa watu wengi bila kusumbua, na haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, ingawa wenzi wanaweza kuambukizana. Mweleze hivyo. Akiwa na dalili naye atibiwe. Na mjue kwamba krimu nyingi za fangasi hudhoofisha kondomu.

Shikamoo dokta. Mume wangu hataki kuongea, naweza kumsemea?
Marahaba mama. Kaa naye akikubali, msomee ile karatasi. Ila mpe dakika chache peke yake na daktari. Kuna maswali hatayajibu ukiwepo, hata kama hana la kuficha.

Kidonge kimoja cha flukonazoli 150 kinatosha?
Kwa baadhi ya wagonjwa, ndiyo. Wengine huandikiwa krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, wiki moja hadi mbili. Taja kama unatumia warfarini au una tatizo la mapigo ya moyo, kwa sababu flukonazoli haipatani na kila dawa.

Mimi nimetahiriwa, na hii ni mara ya tatu mwaka huu.
Waliotahiriwa hupata pia, ila kwa nadra zaidi, ndiyo maana yako inanitia wasiwasi. Usipige simu tena, ndugu yangu. Kesho nenda kituoni asubuhi kabla ya chai, upimwe sukari na VVU, na waichunguze ngozi kwa macho yao.