Somo: Gari la zamani linamisi na linachemsha, kagua haya kabla hujaenda Gerezani, Dar, kununua spea

Wadau salama? Kila nikisikia mtu analalamika gari linamisi (injini inakatakata, silinda haichomi vizuri) jibu ni moja tu, badilisha plagi, na likichemsha anaambiwa kanunue rejeta. Leo nashusha somo kidogo. Mfano wangu ni Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, ile ya cc 1498 yenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwenda kila plagi), maana zimejaa mtaani na ukiielewa hiyo basi Carina yenye injini ya 7A haikusumbui.

Kitu kikubwa nachotaka mkishike: gari likimisi NA kuchemsha kwa kipindi kimoja, usilitibu kama lina magonjwa mawili mpaka uwe na uhakika sio gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ili maji yasiingie silinda. Watu wanamaliza hela kwenye koili, pampu ya mafuta, wota pampu, kumbe maji yanaingia silinda.

Hatua ya 1, sikiliza linamisi saa ngapi. Linamisi kwenye mlima au ukikanyaga mafuta ghafla, anza na umeme, yaani plagi, waya za plagi, kofia ya distribyuta. Likimisi baada ya mvua au kuoshwa, fungua boneti usiku gari likiwa linaunguruma, waya mbovu utaona vicheche vyenyewe. Likimisi asubuhi tu dakika ya kwanza, moshi mweupe wenye harufu ya utamutamu kama una kulanti (dawa ya maji ya rejeta), halafu linatulia, hapo kaa chonjo, hayo ni maji yaliyopenya kwenye silinda usiku.

Hatua ya 2, tafuta ni silinda ipi. Mafundi wengi wanachomoa waya wa plagi injini ikiwaka, utapigwa shoti na unaweza kuua koili. Chomoa soketi ya nozeli (ile inayopulizia mafuta), moja moja, rudisha kisha nenda inayofuata. Ukichomoa mngurumo ukashuka, hiyo silinda ni nzima. Ukichomoa isibadilike kitu, umempata mwizi. Na kama waya zilitolewa juzi juzi hakikisha zimerudi kwa mpangilio 1-3-4-2, utashangaa ni wangapi wamehangaika kwa hilo tu.

Hatua ya 3, toa plagi uisome. Nyeusi kavu yenye masizi, mafuta yanaingia mengi. Imelowa oili kwenye nyuzi na shimo lake lina oili, sili za tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) zimechoka, hizi injini ndio zao na bei yake ndogo. Tatu nyeusi halafu moja nyeupe safi kama imeoshwa, imeoshwa kweli, na maji. Sasa pima kompresheni (presha ndani ya silinda), silinda zote nne, plagi zote zikiwa nje na mafuta umekanyaga mpaka mwisho. Tofauti ikizidi baa 1 hivi kati ya silinda na silinda kuna tatizo, na zikishuka mbili zilizopakana kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake.

Hatua ya 4, upande wa maji. Injini ikiwa YA BARIDI kabisa fungua kizibo cha rejeta, jaza, washa. Vipovu vikitoka mfululizo bila kuisha, au mpira wa juu ukawa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha kizibo kikiwa kimefungwa, hiyo ni kompresheni inaingia kwenye maji. Kama hakuna hayo, angalia linachemshia wapi. Foleni ya Mbagala linachemsha ila likitembea linapoa, ni feni. Kwenye hizi 110 chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni, ufunguo wa gari ukiwa on, feni inatakiwa izunguke yenyewe, isipozunguka tafuta fyuzi, rilei au mota. Mjini liko poa ila mlima Kitonga linachemsha, rejeta imeziba au themostati (valvu inayofungulia maji yakipata joto) haifunguki vizuri.

Na kizibo msikidharau, kile cha baa 0.9 kinafanya maji yavuke digrii 110 bila kuchemka. Kikichoka, kule Mbeya maji yanachemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko.

MASWALI

Mdau: Mkuu fundi wangu kaitoa themostati kabisa, anasema Dar joto haina kazi.

Jibu: Irudishe kaka. Kwanza injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama ya asubuhi, plagi zinapata masizi na misi inarudi. Pili injini nyingi za Toyota themostati ndio inaziba ile njia fupi ya maji, ukiitoa maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Ya zamani itie kwenye sufuria ya maji jikoni, inatakiwa ianze kufunguka kati ya digrii 80 na 84. Ukiifunga kile kipini kidogo kiwe juu.

Mdau: Yangu ni IST, haina waya za plagi, nafanyaje?

Jibu: Rahisi zaidi. Kila plagi ina koili yake. Mashine ya kupimia ikitoa kodi P0302, yaani silinda ya 2 inamisi, hamisha koili ya 2 iende ya 3, futa kodi, endesha. Ikija P0303 koili ndio mbovu. Ikibaki P0302 nenda kwenye plagi, nozeli, kompresheni.

Mdau: Samahani, mimi maji yanapungua ila chini hakuna hata tone na halichemshi.

Jibu: Dada, gusa kapeti upande wa abiria, ikiwa imelowa ni hita. Angalia chini ya wota pampu kama kuna alama za maji yaliyokauka. Kote kukiwa kukavu pima presha ya rejeta, ikishuka rudi hatua ya 3.

Mdau: Gasketi imeungua kweli, fundi anasema tuweke mpya tu, kusaga hedi ni kupoteza hela.

Jibu: Mwambie aweke rula ya chuma juu ya hedi apime mwanya kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia), kwenye 5A ikizidi milimita 0.05 inaenda kusagwa. Akikosa fila geji, badilisha fundi kwanza.