Keki ya Matunda ya Nchi za Joto, Korosho na Makadamia: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Keki ya matunda huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Nanasi, embe na papai lililoiva, vyote vina maji zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, na tunda la namna hiyo likiingizwa kwenye keki itakayokaa motoni kwa saa mbili na nusu au zaidi, maji yake hutoka na kuulowesha unga unaolizunguka, hata keki ikawa imekauka pembeni huku katikati ikiteleza kama haijaiva. Keki hiyo pia haikawii kuota ukungu. Kwa hiyo karibu kila hatua katika mwongozo huu inahusu jambo moja: kuyaondoa maji kwenye tunda, kisha kulirudishia kimiminika kidogo tunachokichagua wenyewe, chenye ladha tunayoitaka.

Vipimo ninavyovitoa ni vya keki moja ya mviringo, inayookwa kwenye chombo chenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 8. Tumia mizani, usitumie vikombe, kwa sababu kikombe cha embe kavu lililokatwa kubwa na kikombe cha embe lililokatwa dogo hutofautiana sana uzito. Matunda yawe gramu 800 kwa jumla: nanasi kavu gramu 200, embe kavu gramu 200, zabibu kavu gramu 200, papai la shira gramu 150 na tangawizi ya shira gramu 50. Korosho ziwe gramu 100 na makadamia gramu 100. Asiyepata makadamia atumie lozi. Utahitaji pia nazi kavu iliyokunwa gramu 50, siagi gramu 225, sukari ya kahawia gramu 200, mayai makubwa 4, unga wa ngano gramu 225, lozi zilizosagwa gramu 50, beking poda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, na mililita 150 za juisi ya chungwa au ya pasheni, au ramu kwa wanaoitumia. Viungo ni iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, kungumanga iliyoparuzwa robo kijiko, pamoja na ganda la juu la machungwa mawili na ndimu mbili. Ganda hilo liparuze juu juu tu, kwa maana harufu yote imo kwenye mafuta ya ngozi ya nje, na ukifika kwenye utando mweupe unaanza kuparuza uchungu.

Hatua ya kwanza: kuyakausha matunda

Matunda yaliyokwisha kukaushwa yanafaa kabisa, ila yaonje kwanza, kwa kuwa mengi hupakwa sukari nyingi, na ukikuta hivyo, punguza sukari ya keki kwa gramu 30 hadi 40. Anayependa kukausha mwenyewe achague nanasi lililoiva vizuri lakini bado gumu, alimenye, aondoe macho na moyo wake mgumu, kisha alikate vipande vyenye unene wa milimita 5 au 6. Vipande vipangwe juu ya wavu wa tanuri bila kugusana, moto uwe nyuzi joto 60 hadi 70 za Selsiasi, na mlango wa tanuri uachwe wazi kidogo ili mvuke upate pa kutokea. Kazi hii huchukua saa 8 hadi 12, na vipande vinapaswa kugeuzwa mara moja au mbili. Kilo moja ya nanasi lililomenywa hutoa gramu 150 hadi 180 tu za nanasi kavu.

Kipande kilichofikia kiwango hukunjika bila kuvunjika. Ukikipasua na kukibana kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada, hakitoi hata tone, ila kinaacha unato kwenye ngozi. Kikiwa bado kinang'aa kwa unyevu pale kilipopasuliwa, kirudishe tanurini. Kikikatika kwa mlio kama biskuti, kimekauka kupita kiasi, lakini hakijaharibika. Kitahitaji tu kulowekwa muda mrefu zaidi. Embe hukaushwa kwa njia hiyo hiyo, na hapa aina ya embe ina maana kubwa: embe lenye nyuzi nyingi huacha nyuzi hizo kwenye keki, nazo hukwama menoni hata baada ya kuokwa.

Papai nalishughulikia kwa njia nyingine, kwani papai lililoiva likikaushwa hivi hivi hupoteza harufu na kubaki na ugumu wa ngozi. Tumia papai lililoanza kubadilika rangi ambalo nyama yake bado ni ngumu. Likate vipande vya sentimita moja, vichemshe kwenye maji hadi vianze kupitisha mwanga, kisha vichuje. Pika shira kwa sukari yenye uzito sawa na papai pamoja na nusu ya uzito huo wa maji, tia vipande, vichemke kwa dakika 10 kwa moto mdogo, halafu zima moto na uviache ndani ya shira hadi kesho yake. Rudia kuchemsha na kulaza mara mbili au tatu zaidi, shira ikizidi kuwa nzito kila mara, hadi vipande viwe angavu mpaka kwenye kiini. Sukari huingia kwenye tunda taratibu huku maji yakitoka, na anayeharakisha kwa moto mkali hupata vipande vilivyosinyaa na kuwa vigumu. Baada ya hapo vichuje na uvitandaze kwenye wavu kwa siku nzima. Shira iliyobaki itunze, kwa kuwa tutaihitaji mwishoni.

Ndizi kavu siziweki. Ni tamu, lakini hunata na kuifanya keki iwe nzito, na harufu yake huifunika ile ya embe, ambayo ndiyo ninayotaka isikike kwanza.

Hatua ya pili: kuloweka

Kata matunda yote yawe na ukubwa wa punje ya zabibu, au makubwa kidogo tu kuliko hiyo. Mkasi uliopakwa mafuta hufanya kazi hii vizuri kuliko kisu. Yachanganye kwenye bakuli na maganda ya machungwa na ndimu, pasha moto juisi hadi ianze kutoa mvuke, imimine juu yake, funika na uache kwa saa 12 hadi 24, ukigeuza kila unapopita jikoni. Ramu haihitaji kupashwa moto. Mwisho wa muda huo matunda yawe yametuna na bakuli liwe halina kimiminika chini yake isipokuwa labda kijiko kimoja au viwili. Kikibaki zaidi ya hapo, kichuje na usikitie kwenye keki.

Hatua ya tatu: korosho, makadamia na nazi

Tandaza korosho na makadamia kwenye sinia, uzioke kwa nyuzi 150 kwa dakika 8 hadi 12, ukizitikisa katikati ya muda. Makadamia yana mafuta zaidi ya asilimia 70, hivyo huungua ghafla. Yatoe yakiwa na rangi ya dhahabu hafifu, kwani huendelea kuiva yenyewe nje ya tanuri kwa dakika kadhaa. Ziache zipoe kabisa ndipo uzikate, maana zikikatwa na joto hutoa mafuta na kunata kwenye ubao. Korosho zikate nusu tu, kwa kuwa ni laini kiasili na hufyonza unyevu wa matunda, na ukizikatakata ndogo hutazitambua mdomoni. Nazi ikaangwe bila mafuta kwa moto mdogo hadi ibadilike rangi.

Onja kila aina kabla ya kuitumia. Korosho au makadamia yaliyochacha huiharibu keki nzima, na hakuna kiungo kinachoweza kuficha ladha hiyo.

Hatua ya nne: kuandaa chombo

Pakaa siagi, kisha weka karatasi ya kuokea mbili mbili, chini na pembeni, zile za pembeni zipite ukingo wa chombo kwa sentimita 3. Nje ya chombo zungushia karatasi nene ya kaki iliyokunjwa mara mbili na uifunge kwa uzi wa pamba. Wengi huiruka kazi hii ya nje, nami nawasihi wasiiruke: keki nzito hupitisha joto polepole sana kuelekea katikati, na bila kinga hiyo pembeni hukauka na kuwa chungu muda mrefu kabla ya katikati kuiva. Angalia tu karatasi isiguse waya wa moto wala isiwe karibu na mwali, na katika tanuri la gesi lenye mwali wazi itumie foili badala yake. Washa tanuri nyuzi 150, au 135 kama lina feni.

Hatua ya tano: kuchanganya

Siagi iwe laini kiasi cha kuacha alama ya kidole, lakini isiwe imeanza kuyeyuka. Ipige na sukari kwa dakika 4 au 5 hadi ipauke rangi na iwe nyepesi. Mayai yawe na joto la chumba. Yavuruge kwenye bakuli na uyatie kidogo kidogo, ukihakikisha kila sehemu imemezwa na siagi kabla ya kuongeza nyingine. Mchanganyiko ukianza kukatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, ongeza kijiko cha unga na uendelee kupiga. Chekecha unga, beking poda, chumvi na viungo pamoja, uvitie kwa mara mbili ukichanganya kwa mwiko, kisha uweke lozi zilizosagwa na nazi.

Sasa utakuwa na mchanganyiko mzito unaong'ang'ania mwiko, nao ndio unaotakiwa. Watu wengi huambiwa wayapake matunda unga ili yasizame, lakini unga huo husaidia kidogo tu, kwa kufyonza unyevu wa juu ya tunda. Kinachoyashikilia matunda yasishuke ni uzito wa mchanganyiko wenyewe pamoja na udogo wa vipande. Ndiyo sababu beking poda ni nusu kijiko tu: keki hii haikusudiwi kuumuka sana, na ikiumuka sana, matunda huachiwa nafasi za kuteremkia.

Tia matunda, korosho na makadamia, changanya kutoka chini kwenda juu hadi pasiwe na sehemu yenye unga mtupu, kisha upakie kwenye chombo ukigandamiza kwa mgongo wa kijiko ili hewa isibaki kwenye pembe. Sawazisha juu, halafu fanya kibonde kidogo katikati, ili keki itakapopanda iwe tambarare.

Hatua ya sita: kuoka

Weka keki kwenye ngazi ya katikati au moja chini yake. Baada ya saa moja punguza moto hadi nyuzi 140, au 125 kwa tanuri la feni, na uache kwa saa moja na nusu hadi mbili zaidi. Usifungue mlango katika saa ile ya kwanza. Sehemu ya juu ikishapata rangi ya kahawia, ifunike kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwa mara mbili.

Kijiti ndicho kipimo cha kawaida, ila katika keki hii kinaweza kudanganya, maana kikitoboa kipande cha papai kitatoka kikinata hata kama keki imeiva. Choma sehemu tatu tofauti. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 95 hadi 98 katikati ya keki. Kuna kipimo kingine ninachokiamini sana: itoe keki, inamisha sikio karibu nayo bila kuigusa, na usikilize. Keki ambayo haijaiva hutoa sauti ya kuchemka, mvumo mdogo wa mapovu yanayopasuka ndani, kwa sababu bado maji yanatafuta njia ya kutoka. Sauti hiyo ikipungua na kubaki mipasuko michache ya hapa na pale, imeiva. Ikiwa bado inavuma kwa nguvu, irudishe kwa dakika 15 ndipo usikilize tena.

Hatua ya saba: kupoza na kutunza

Keki ikiwa bado ya moto, itoboetoboe kwa kijiti chembamba na uipake vijiko vitatu vya ile shira ya papai iliyopashwa moto, au ramu. Iache ipoe ndani ya chombo chake hadi isiwe na vuguvugu lolote, jambo linaloweza kuchukua usiku mzima. Ukiifunga ingali na joto, mvuke utageuka matone ndani ya karatasi, na kazi yote ya kuondoa maji itakuwa bure.

Ifunge kwa karatasi ya kuokea, kisha foili, na uiweke mahali penye ubaridi na pakavu. Ya ramu inaweza kupewa kijiko kimoja au viwili vya ramu kila wiki, nayo hukaa wiki nyingi ikizidi kukolea. Isiyo na pombe isipewe juisi baada ya kuoka, kwa maana juisi ni maji na huleta ukungu. Itunze kwenye jokofu na uile ndani ya wiki mbili, au uigandishe kwenye friza kwa miezi mitatu. Zote mbili zisikatwe kabla ya siku tatu, kwa kuwa siku ya kwanza iliki hujitenga na embe halisikiki. Tumia kisu chenye meno, ukivuta mbele na nyuma bila kukandamiza, ili makadamia yakatike badala ya kung'oka.