Mstari wa katikati wa ramani ya kimbunga usikupumbaze

Ndugu zangu mlioko Florida, kimbunga kikitangazwa, ramani ya NHC, kituo cha taifa cha vimbunga, isomeni hivi. Lile umbo linalotanuka kama koni linaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi tu, halionyeshi ukubwa wa kimbunga. Na karibu mara moja kati ya tatu, kitovu hutoka nje yake. Mwaka 2022 wengi waliukazia macho mstari wa kuelekea Tampa. Kimbunga hicho, Ian, kikapinda, kikatua kisiwa cha Cayo Costa, kusini zaidi, na bahari ikaingia majumbani Fort Myers Beach.

Daraja la kimbunga, liwe la 4 au la 5, ni kipimo cha upepo peke yake. Maji ndiyo yanayoua zaidi, hata mbali na pwani: Septemba 2024 Helene ilitua Florida, mafuriko yakazamisha mitaa ya Asheville, kule milimani North Carolina.

Kwa hiyo ijue leo herufi ya eneo lako la kuhama, ibandike kwenye friji. A ndio huondoka kwanza. Taarifa mpya hutoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku, kwa saa za Miami.