Mume ana vidonda vya tumbo: nilivyomuuguza hatua kwa hatua, dawa, jikoni na dua

Mume wangu anaendesha lori, mie napika, nna kibanda cha chakula hapa Ngamiani Tanga mwaka wa 9 huu, yaani watu wanakuja kushiba kwangu halafu wa kwangu mwenyewe analala na njaa kwa sababu akila tumbo linawaka na asipokula ndo linawaka zaidi. Usiku mmoja nimeshtuka saa 8 nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda kakumbatia mto, kaubana pale kwenye chembe ya moyo, jasho linamtiririka na taa hajawasha asije akaniamsha. Toka siku ile nikasema huu ugonjwa ni wetu wawili. Fuata kwa mpangilio huuhuu, usiruke ya kwanza ukakimbilia sufuria.

Hatua ya 1: Kapimeni

Sisi tulipoteza miezi 7 tunanunua omeprazoli, vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, duka la dawa la mtaani, anapata nafuu wiki 2, vikiisha maumivu yanarudi palepale, na hakuna aliyetuambia kapimeni. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori, sio pilipili wala mawazo kama tulivyozoea kuambiana. Waligundua madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, miaka ya 80, na Marshall ilibidi awanywe mwenyewe hao bakteria ndo watu waanze kumsikiliza, mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mume wangu mgongo ulikuwa unamuuma kwa kukaa kwenye usukani, kila safari anameza diklofenaki tena tumbo tupu, na mie ndo nilikuwa namnunulia, inaniuma mpaka leo. Kwahiyo mkifika kwa daktari mtajie kila kidonge anachomeza, hata cha kuomba kwa jirani. Ulizia kipimo cha choo, maana cha damu kinaweza kuonyesha bakteria yupo hata kama alishakufa zamani.

Na mkiona choo cheusi kama lami, au anatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au anakonda bila sababu, au chakula kinakwama akimeza, hapo achana na kusoma, hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Dozi ifunge na swala

Alipewa omeprazoli na antibayotiki 2, amoksilini na klarithromaisini, siku 14. Omeprazoli inamezwa nusu saa kabla ya kula na hapo ndo wengi wanakosea wanaimeza na chakula juu. Sisi akishaswali Alfajiri anameza, mie nakoroga uji, ukiwa tayari nusu saa imefika, anakunywa uji na antibayotiki zake. Jioni hivyohivyo baada ya Magharibi. Simu inaweza kuzima chaji lakini adhana haizimi.

Siku ya 5 alitaka kuacha, mdomo mchungu kama ametafuna shaba, mate hayamezeki. Sikumgombeza, nilikaa naye nikampa tende mbili baada ya dawa, nikamwambia mume wangu zimebaki 9 tu tuhesabu wote, kila usiku nakata siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Akizikatisha njiani bakteria anabaki na mara ya pili dawa ileile inaweza isimuue.

Hatua ya 3: Jikoni, nyumba nzima mle sufuria moja

Kosa kubwa ni kumpikia mgonjwa kibakuli chake pembeni huku nyie mnakula samaki wa kukaanga na pilipili ya kusaga, anajiona mzigo na atakwenda kuiba chipsi nje. Watoto wangu walilalamika wiki ya kwanza wakazoea.

Chakula hakiui bakteria, tuelewane, kinalipa tumbo nafasi ya kupona. Asubuhi uji wa shayiri, naloweka usiku, nachemsha moto mdogo hadi punje zipasuke, nachuja, namalizia na asali ukishapoa kidogo. Ni ile talbina ambayo Mtume (s.a.w.) alisema inautuliza moyo wa mgonjwa. Mchana wali laini au ndizi za kuchemsha zimepondwa kidogo, na samaki, changu au tasi, nawatoa soko la samaki la Deep Sea asubuhi, nachemsha na karoti, chumvi na tui jepesi, ndimu hapana. Papai lililoiva, viazi vitamu, mchicha.

Kidogokidogo mara 5 badala ya sahani mlima mara 2, na asilale kabla ya masaa 3 kupita. Kahawa chungu ya barazani, sigara na soda vilikatwa. Maziwa tulidanganyana sana, yanapoza dakika chache kisha asidi inarudi na nguvu. Halafu kila mtu na tumbo lake, wa kwangu maharage anakula vizuri na nyanya zinamchoma, andika kwenye daftari alichokula na lini kauma, baada ya wiki 2 utajua ya kwako.

Hatua ya 4: Dua, mkono ukiwa palepale panapouma

Usiku maumivu yakija naweka mkono wangu juu ya wake pale kwenye chembe, tunasema Bismillah mara 3 kisha mara 7 *Audhu billahi wa qudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhiru*, kama Mtume alivyomfundisha Uthman bin Abil-Aas. Kuna usiku alilala kabla hatujafika ya 7. Mama mkwe alileta kombe, zile aya za Qurani zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa na maji ya kunywa, nilipokea kwa mikono miwili, akanywa, sikubishana na mama. Ila alipokuja na mizizi ya kuchemsha ambayo hata aliyeiuza haijui jina nilimwomba kwa adabu tusubiri dozi iishe. Mtume huyohuyo ndo kasema Allah hakuteremsha ugonjwa ila kauteremshia na dawa.

Hatua ya 5: Ramadhani

Daktari akasema asifunge na kwakweli hapo ndo palikuwa pagumu kuliko kidonge chochote, mwanaume mzima anakula mchana mbele ya watoto. Tukasoma wote Al-Baqara aya ya 184 na 185, mgonjwa atatimiza hesabu siku nyingine. Uji nilimpelekea chumbani, nafunga mlango. Alipopona alilipa Jumatatu na Alhamisi, anafungua kwa tende na uji, kalimati na bajia tulisubirisha.

Hatua ya 6: Rudini kupima, kisha kazini

Angalau wiki 4 toka antibayotiki ziishe, na omeprazoli aache wiki 2 kabla ya kipimo, mwambieni daktari awapangie. Majibu yakatoka hana, nililia pale kwenye benchi.

Sa hivi akisafiri nafunga hotpoti ya wali na samaki, ndizi mbivu 4, tende, na mgongo ukiuma kuna Panadol kwenye mfuko wa mbele. Diklofenaki zilizobaki nilizitoa ndani ya nyumba.