Kabla ya kumpeleka kwa daktari mtoto mwenye maumivu sugu ya shingo na kichwa

Kwanza hakikisha kwamba mtoto si wa kusubiri miadi. Homa pamoja na shingo iliyokakamaa hata kidevu hakigusi kifua, maumivu makali ya ghafla, kuchanganyikiwa, degedege, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba anapotembea, udhaifu wa mkono au mguu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, yote hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa kinachomwamsha usingizini, au kinachouma alfajiri kisha akatapika, nacho kisingoje tarehe ya mbali.

Ikiwa hayo hayapo, na maumivu yamekwenda miezi bila kupatiwa jina, kazi kubwa ya mzazi ni kuweka kumbukumbu, kwa sababu muda wa kuonana na daktari ni mfupi na mtoto aliyelia usiku kucha anaweza kuingia chumbani humo akicheka. Tenga daftari na uandike kila siku kwa wiki nne hivi. Usiishie kuandika kwamba kichwa kimeuma. Andika kwamba saa kumi jioni, alipoinama kufunga viatu, alishika kisogo kwa mikono miwili, akafumba macho, na baada ya dakika mbili akaendelea kucheza. Sentensi kama hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Maumivu mafupi ya kisogoni yanayochochewa na kukohoa, kucheka au kujikamua yanaweza kumfanya afikirie hali iitwayo Chiari, ambapo sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma hushuka kupita tundu la fuvu na kuingia upande wa shingo. Maumivu ya saa kadhaa yanayoambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga huelekea zaidi kwenye kipandauso, ambacho kwa watoto mara nyingi hushika pande zote mbili za kichwa na huweza kuuma hadi shingoni. Shingo inayokuwa ngumu asubuhi na kulegea kadiri siku inavyosonga huibua swali la ugonjwa wa viungo, ambao watoto pia huupata.

Katika daftari hilo hilo, hesabu siku za dawa. Parasetamoli au ibuprofeni ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoendeleza maumivu ya kichwa, na wazazi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 isipokuwa kwa agizo la daktari.

Uliza pia ndani ya ukoo ni nani anayesumbuliwa na kipandauso.

Mtoto mwenyewe apewe nafasi ya kusema. Mwombe nyumbani aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma, kisha umwache arudie hivyo mbele ya daktari bila kumsahihisha. Nimeona wazazi, kwa upendo tu, wakijibu kila swali mpaka mtoto akanyamaza kabisa.

Beba majibu yote ya zamani, na picha zenyewe pamoja na ripoti zake. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ubongo. MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, haitumii mionzi ya eksirei, lakini humtaka mtoto alale bila kujitikisa kwa muda mrefu ndani ya mashine yenye kelele, na mdogo huenda akahitaji dawa ya usingizi; ni vyema kumweleza mapema. Ikipendekezwa, uliza kama itapigwa kichwani peke yake au na shingoni, kwa kuwa picha ya kichwa huenda isionyeshe shingo yote. Uliza vilevile kama macho yatachunguzwa kwa ndani, maana uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuashiria shinikizo lililozidi ndani ya fuvu.

Jiandae pia kwa jibu linalowaumiza wengi, la kwamba vipimo vyote ni vya kawaida. Kipandauso hakionekani kwenye picha, na mtoto huyo haigizi. Mwambie hivyo mkiwa wawili, kabla hajalisikia kwa mwingine. Ndipo umuulize daktari: iwapo leo hatujapata jina la ugonjwa, hatua inayofuata ni ipi, nani ataifuatilia, na ni dalili gani zikitokea turudi kabla ya tarehe?