Kupima makovu na mafuta ya ini kwa FibroScan, hatua kwa hatua

Mashine hii hutikisa ngozi kidogo, mtikisiko husafiri hadi ndani ya ini, na mawimbi ya altrasaundi hufuatilia kasi yake. Ini lenye makovu ni gumu, na kwenye kitu kigumu mtikisiko hukimbia zaidi. Kubonyeza kitufe ni rahisi. Kupata namba ya kuaminika ndiko kunakohitaji uangalifu.

1. Muulize mgonjwa amekula lini. Zipite angalau saa 3, kwani baada ya mlo damu nyingi huingia kwenye ini na ugumu huonekana umepanda. Kama ametoka kula, asubiri au apangiwe siku nyingine, hata foleni ikiwa ndefu. Ulizia pia macho au ngozi kuwa ya manjano, ugonjwa wa moyo na pombe aliyokunywa karibuni. Tazama ALT, kipimo cha damu cha kimeng'enya cha ini: kikiwa juu sana, ugumu utakaouona huenda unatokana na uvimbe wa ini, wala si kovu. Tumbo likijaa maji, mtikisiko haupenyi. Tumia njia nyingine.

2. Mlaze chali, mkono wa kulia chini ya kichwa ili mbavu zifunguke.

3. Chagua probu, yaani kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi. M huwafaa watu wazima wengi. Umbali kutoka ngozi hadi ini ukizidi milimita 25, tumia XL, la sivyo utapima mafuta ya chini ya ngozi.

4. Paka jeli, weka probu katikati ya mbavu mbili, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa, usawa wa ncha ya chini ya kidari. Hapa usiharakishe. Probu isiinamie upande wowote. Kwenye picha tafuta eneo la ini lililo sawasawa, lisilo na mshipa mkubwa wala kivuli cha ubavu. Ukilipata, tulia hapo hapo.

5. Chukua vipimo 10 halali, mgonjwa akipumua taratibu. Kisha tazama mtawanyiko, ambao mashine huuandika IQR. Ugumu ukiwa juu na IQR ikazidi asilimia 30 ya thamani ya kati, matokeo hayaaminiki: rudia.

6. Soma namba mbili, ya ugumu (kwa kilopaskali) na ya mafuta (CAP), kila moja peke yake. Kwa mwenye mafuta kwenye ini, ugumu chini ya kilopaskali 8 kwa kawaida huondoa shaka ya makovu makubwa. Kuanzia hapo anahitaji uchunguzi zaidi. Ukizidi 15, na hakuna sababu nyingine ya kuupandisha, ugonjwa sugu wa ini uliokomaa unaelekea kuwepo. CAP hupima mafuta kwa desibeli kwa mita, kati ya 100 na 400. Ikizidi 275, mafuta yanaelekea kuwepo. CAP ndogo isikutulize: makovu yakikomaa, mafuta yanaweza kupungua yenyewe.

7. Kwenye ripoti andika saa alizokaa bila kula, probu uliyotumia, IQR na ALT. Daktari akipewa kilopaskali tupu, hana namna ya kujua kama aziamini.